OET kwa Wauguzi wa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa, Hatua kwa Hatua

Wauguzi wanaoniletea barua zao za mazoezi ya OET (Occupational English Test), mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, wanaijua kazi. Wamehudumu wodini kwa miaka, Kiingereza wamekisoma tangu shule ya msingi, na ripoti za zamu wanaziandika kwa Kiingereza kila siku. Bado wanaanguka, na wengi huangukia pale pale: kwenye barua, na kwenye kipande cha kwanza cha kusoma. Oktoba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alieleza hadharani kwamba kati ya wahudumu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, 10 tu ndio waliopita.

Wengi waliposikia hivyo walikimbilia vitabu vya sarufi. Huko siko. OET inataka kujua kama unaweza kumfikishia mtu mwingine habari za mgonjwa anazozihitaji yeye, kwa wakati, bila kumchosha. Maandalizi yote yaelekee hapo.

Nimewaandikia wauguzi hasa. Hata hivyo mtihani huu una taaluma 12, na daktari, mfamasia au mtaalamu wa fiziotherapia atafuata hatua zile zile, kwa sababu kusikiliza na kusoma ni kwa wote. Kinachobadilika ni barua na mazungumzo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti halali. Kama huna, anza na eCitizen leo, kisha uende Nyayo House utakapopangiwa. Masomo yaendelee huku ukisubiri.
- Kompyuta, ya kwako au ya kuazima. Ukichagua mtihani wa kompyuta na wewe umezoea simu, kibodi itakula dakika zako.
- Headfoni zinazoziba kelele vizuri.
- Mitihani ya mfano inayotolewa bure kwenye tovuti rasmi ya OET. Usiimalize yote wiki ya kwanza, utaihitaji mwishoni.
- Madaftari mawili: moja la barua, jingine la makosa.
- Mtu wa kukusahihishia barua, na mwenzako wa kuigiza naye mgonjwa. Wanaweza kuwa mtu mmoja.
- Wiki 8 hadi 12. Siku ya zamu tenga saa moja, siku ya mapumziko saa tatu. Baada ya zamu ya usiku, lala kwanza.
- Ada ya mtihani, ambayo hulipwa mtandaoni kwa kadi. Angalia kiwango kwenye tovuti rasmi siku ile ile unayojisajili, kwa maana shilingi hupanda na kushuka.

Onyo moja hapa hapa. Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kuna watu wanaouza "karatasi ya Jumamosi hii", na wengine wanaouza vyeti kabisa. Usitoe hata shilingi. Mabaraza ya nje huyathibitisha majibu yako moja kwa moja kwenye mfumo wa OET, na cheti bandia kinaweza kukufungia mlango wa taaluma yako kabisa.

Hatua ya 1: Jua alama unazozitafuta

Alama huanzia 0 hadi 500, na kila sehemu hupata yake. Daraja B ni 350 hadi 440. C+ ni 300 hadi 340.

Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 kwenye kuandika. Daktari anayekwenda GMC, baraza la madaktari la Uingereza, anahitaji 350 kwenye sehemu zote nne, katika mtihani mmoja. Nchi nyingine zina masharti yake, na hubadilika. Soma tovuti ya baraza lenyewe, usitegemee alichosema wakala.

Andika namba zako nne kwenye karatasi uibandike ukutani. Muuguzi anayelenga NMC ambaye barua zake tayari zinafika 320 hana haja ya kuhangaikia barua mwezi mzima huku kusoma kwake kukiwa 310.

Hatua ya 2: Fanya mtihani mzima kabla ya kusoma chochote

Chagua siku moja, funga simu, fanya mfano mmoja kwa muda halisi. Mpangilio ni huu:

- Kusikiliza: takriban dakika 40, maswali 42. Kila sauti husikika mara moja tu.
- Kusoma: dakika 60, maswali 42. Sehemu A ina dakika 15 zake. B na C zinagawana 45.
- Kuandika: dakika 45, yaani 5 za kusoma kumbukumbu za mgonjwa na 40 za kuandika barua.
- Kuzungumza: takriban dakika 20, maigizo mawili ya dakika tano tano.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba hisia zetu kuhusu Kiingereza chetu hutudanganya. Nimeona watu wenye Kiingereza kizuri cha mdomoni wakiambulia maswali 9 kati ya 20 kwenye Sehemu A ya kusoma, kwa sababu tu hawakuwahi kuifanya mbele ya saa. Kosa gani na kwa nini, liandike kwenye daftari la makosa: sikusikia, nilichelewa, nilikosea tahajia, niliingia mtego. Sababu hizo nne zitakuonyesha pa kuweka nguvu.

Hatua ya 3: Kusikiliza

Sehemu A ni mahojiano mawili kati ya mhudumu na mgonjwa. Mbele yako kuna maelezo yenye mapengo 24, na unajaza maneno unayoyasikia. Kabla sauti haijaanza unapewa muda wa kutupia macho maelezo. Utumie kukisia kila pengo linataka nini: jina la dawa, muda, sehemu ya mwili, namna ya maumivu. Kisha andika neno lile lile ulilolisikia. Usilibadilishe kuwa la kitabibu. Mgonjwa akisema maumivu yanachoma, andika neno lake.

Sehemu B ni vipande sita vifupi vya kazini, kama kukabidhiana zamu. Sehemu C ni mahojiano au hotuba mbili za wataalamu, maswali 12. Mtego wa hizi mbili ni mmoja: majibu yasiyo sahihi huwa na maneno uliyoyasikia kabisa. Ukichagua jibu kwa sababu tu umesikia neno lake, umekamatwa. Jiulize msemaji alikuwa anataka kufikisha nini.

Zoezi linalofanya kazi ni kuchukua dakika mbili za sauti na kuziandika neno kwa neno, ukirudia hadi zikamilike, halafu ulinganishe na maandishi yake. Tumia kipindi cha Inside Health cha BBC Radio 4 na Health Report cha ABC ya Australia. Lafudhi za Uingereza na Australia ndizo utakazokutana nazo zaidi, na masikio yetu yamezoea zaidi Kiingereza cha hapa kwetu.

Usifanye zoezi hili ndani ya matatu ya Thika Road na kujihesabia kwamba umesoma. Kwenye matatu sikiliza kwa kuzoea tu. Zoezi lenyewe lifanyie mahali pa utulivu. Maktaba ya taifa kule Community ni pazuri kwa anayeishi kwenye nyumba yenye watu wengi.

Umefika ukiweza kupata 33 au zaidi kati ya 42 kwenye mifano mitatu mfululizo. Nimeweka 33 kwa makusudi, kwa sababu siku ya mtihani hofu hula maswali mawili matatu.

Hatua ya 4: Kusoma

Sehemu A inakupa matini nne fupi kuhusu jambo moja, maswali 20, dakika 15. Hesabu mwenyewe: sekunde 45 kwa swali. Ukijaribu kuzisoma matini zote kwanza, umekwisha. Tazama vichwa, majedwali na picha kwa dakika moja ujue kila matini inahusu nini: hii ya dozi, hii ya dalili, hii ya hatua za dharura. Halafu nenda kwenye swali, shika neno lake kuu, lifuate kwenye matini.

Majibu unayanakili, na hapa tahajia lazima iwe sahihi. Kwenye kusikiliza kosa dogo la herufi husamehewa maadamu maana iko wazi. Kwenye Sehemu A ya kusoma neno liko mbele ya macho yako, hakuna msamaha. Dakika 15 zikiisha huwezi kurudi tena kwenye sehemu hiyo. Swali likikukwama, ruka.

Mazoezi ya bure yako kwenye miongozo ya matibabu ya NICE, taasisi ya afya ya Uingereza. Chukua mmoja, mwambie mwenzako akutungie maswali kumi, mtege saa. Siku ya zamu inayofuata, yeye ndiye atajibu yako.

Sehemu B ina matini sita fupi za kazini, mfano taarifa kwa wafanyakazi au maelekezo ya kutumia kifaa. Ipe dakika 12. Sehemu C ina makala mbili ndefu, maswali 16, na ndiyo inayostahili dakika 33 zilizobaki. Maswali yake mengi huuliza mwandishi ana maoni gani, na mtu aliyezoea kusoma kutafuta ukweli wa kitabibu hupotea hapo. Kila aya, jiulize: anakubali, anatilia shaka, au ananukuu tu maneno ya mwingine?

Hatua ya 5: Kuandika barua

Hapa tutakaa. Ndipo wengi wanapoumia.

Unapewa kumbukumbu za mgonjwa na maelekezo ya kumwandikia mtu fulani: muuguzi wa nyumbani, daktari, ofisa wa ustawi wa jamii. Mwili wa barua uwe na maneno takriban 180 hadi 200. Kumbukumbu zina habari nyingi kuliko barua inavyoweza kubeba, na zimewekwa hivyo kwa makusudi. Kazi yako ya kwanza ni kuacha.

Barua nyingi ninazoletewa zimebeba kila kitu. Muuguzi mwangalifu anaogopa kuacha jambo, kwa sababu wodini kuacha jambo ni hatari. Kwenye mtihani huu, kubeba kila kitu kunakupunguzia alama, kwa maana msomaji inabidi atafute mwenyewe jambo linalomhusu.

Chukua mfano huu niliotunga. Bi Ellis, miaka 72, mjane, anaishi peke yake ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika. Kidonda ni safi. Pini za ngozi zitolewe siku ya 14. Anahitaji sindano ya enoxaparin (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila siku, lakini anaogopa kujidunga. Ana kisukari, anatumia metformin, sukari imetulia. Siku ya pili alipata homa, ikaisha. Aliondolewa kidole tumbo mwaka 1975. Alikuwa mwalimu. Binti yake huja wikendi. Anaruhusiwa leo, na unamwandikia muuguzi wa nyumbani.

Muuguzi huyo kesho atagonga mlango wa Bi Ellis. Anahitaji kujua nini? Sindano, na kwamba mgonjwa anaogopa. Pini na tarehe ya kuzitoa. Ngazi, na hatari ya kuanguka. Kwamba binti hayupo katikati ya wiki. Kisukari kiguswe kwa sentensi moja, kwa kuwa kinahusu kupona kwa kidonda. Kidole tumbo kiache. Ualimu uache. Homa iliyokwisha iache.

Kisha fungua barua kwa kusudi. Mfano:

"I am writing to refer Mrs Ellis, a 72-year-old widow who is being discharged today following surgery for a fractured hip. She requires wound care, daily enoxaparin injections and support with her mobility at home."

Sentensi mbili, na msomaji ameshajua ni nani, nini kimetokea na anatakiwa afanye nini. Aya inayofuata ieleze yaliyotokea hospitalini kwa ufupi, halafu hali yake sasa, halafu nyumbani kwake, na mwisho ombi lako kwa mapana yake. Lililo la haraka zaidi lisizikwe chini.

Wasahihishaji hutazama mambo sita: kusudi, yaliyomo, ufupi na uwazi, mtindo unaofaa, mpangilio, na lugha yenyewe. Ona kwamba lugha ni moja kati ya sita.

Sasa makosa yetu wenyewe, ya huku kwetu. La kwanza ni Kiingereza cha Kardex, yaani cha ripoti za wodini. Tumezoea kuandika "Patient received in stable condition, due medication given", bila vitenzi kamili wala vibainishi. Wodini tunaelewana, kwenye barua kila sentensi inataka mtendaji na kitenzi chake. La pili ni vifupisho. "TCA 2/52" kila muuguzi wa Kenya anajua ni kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Msomaji wa Uingereza akiona TCA atafikiria kundi la dawa za mfadhaiko. Andika kwa kirefu. La tatu ni kunakili maneno ya kumbukumbu kama yalivyo. Yageuze yawe sentensi zako.

Gawa dakika 40 hivi: tano za kuchagua na kupanga, 28 za kuandika, saba za kusahihisha. Kwenye saba hizo tafuta makosa uliyoyaorodhesha kwenye daftari lako, si kila kosa duniani. Anayeacha "the" atafute "the". Anayechanganya nyakati afuate vitenzi peke yake kuanzia juu hadi chini.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: chukua kumbukumbu zile zile, andika barua ya pili kwa msomaji mwingine. Ukimwandikia ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu Bi Ellis, ngazi na upweke vinapanda juu, na sindano inabaki mstari mmoja. Barua zako mbili zikifanana, bado unanakili. Zikitofautiana kuanzia sentensi ya kwanza, umeanza kuelewa mtihani.

Barua mbili kwa wiki zilizosahihishwa na kuandikwa upya zinakufaa kuliko kumi zilizorundikwa. Mpe msahihishaji wako swali moja kabla ya yote: baada ya kusoma mistari mitatu, unajua nataka ufanye nini?

Hatua ya 6: Kuzungumza

Kwanza kuna gumzo fupi la kukutuliza, ambalo halina alama. Kisha unapewa kadi, unakaa nayo dakika tatu, na igizo linaanza. Wewe ni muuguzi. Aliye mbele yako ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Huyo hakupi alama. Sauti hurekodiwa na kupelekwa kwa wasahihishaji, kwa hiyo usisome uso wake.

Vigezo vinne kati ya tisa ni vya lugha. Vingine ni vya namna unavyomhudumia mtu: kujenga uhusiano, kuelewa anavyoliona yeye tatizo lake, kuuliza, kueleza kwa mpangilio. Wodi zetu zimejaa, na tumezoea kutoa maagizo na kwenda kitanda kinachofuata. Tabia hiyo inakuja nasi kwenye chumba cha mtihani.

Kabla ya kueleza, uliza. "What have you been told so far about the operation?" Halafu "What worries you most about it?" Mwache amalize. Mwonyeshe umesikia, kwa kurudia kwa maneno yako alichosema. Ndipo ueleze kidogo, usimame, uulize kama ameelewa, uendelee. Mgonjwa akikataa kulazwa, usimtishe. Muulize kinachomvuta nyumbani. Pengine ana mtoto wa kuchukua shuleni.

Lugha iwe ya mgonjwa. Sema "high blood pressure", acha "hypertension".

Lafudhi usiibadilishe. Kiingereza cha Kenya kinaeleweka, na lafudhi ya kuigiza huvunja ufasaha. Rekebisha yale tu yanayobadilisha maana: anayechanganya l na r, au asiyetofautisha "live" na "leave". Jirekodi kwenye simu, mpe asiyekujua asikilize, akuonyeshe alipokwama.

Dakika tano zikiisha kabla hujamaliza kila kipengele cha kadi, usihangaike. Kukimbiza vipengele kunaharibu zaidi. Utajua umeiva pale mwenzako anayeigiza mgonjwa atakapozungumza karibu sawa na wewe katika dakika mbili za mwanzo.

Hatua ya 7: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Jina ulilojisajilia lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, na leseni ya Baraza la Wauguzi huenda imeyapanga tofauti na pasipoti. Kagua hili mapema, usingoje asubuhi ya mtihani.

Badilishana zamu na mwenzako ili usiku wa kuamkia mtihani usiwe kazini. Ukiwa unakaa mbali, Rongai, Kitengela au Juja, omba kulala kwa ndugu aliye karibu na kituo. Mvua ya Nairobi ikinyesha alfajiri, barabara hazina huruma. Siku mbili za mwisho usifanye mfano mpya. Soma daftari la makosa, andika barua moja, pumzika.

Hatua ya 8: Majibu yakitoka

Yataingia kwenye akaunti yako ya OET. Yalinganishe na ile karatasi ya ukutani.

Kama umekosa sehemu moja na unaomba NMC, usikate tamaa: baraza hilo linakubali kuunganisha majibu ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, ilimradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango walichoweka. Soma masharti hayo kwenye tovuti yao kabla ya kulipia tena. Na usilipie wiki ile ile kwa uchungu. Rudi kwenye daftari la makosa, fanya mfano mmoja mpya, uone kama kilichokuangusha kimebadilika. Kama ni barua, tafuta msahihishaji mwingine. Huenda wa kwanza alikuwa anakuhurumia.

Kama umepita, majibu hutumika kwa miaka miwili. Anza wiki hiyo hiyo kuomba Baraza la Wauguzi la Kenya likuthibitishie usajili, kwa kuwa hatua hiyo ina foleni yake.